Uji wa Bi Havijawa katika Nchi ya Tumesikia

Katika nchi ya Tumesikia watu hawaulizani hali. Wakikutana, mmoja husema, "Umesikia?" na mwenzake hujibu, "Nimesikia," hata kama hajasikia kitu, kwa sababu kujibu "Bado" ni utovu wa adabu. Siku yangu ya kwanza nilijibu "Bado" mara tatu. Mara ya tatu, mama mmoja muuza maandazi alinitazama kwa huruma, akamwambia mwenzake, "Maskini, mgeni huyu hana watu."

Nilikwenda kule kwa mwaliko wa Idara yao ya Elimu. Nimekuwa mkaguzi wa shule za msingi kwa miaka thelathini na minane, na sasa nimestaafu. Barua ilisema wanataka mtu wa nje alitazame somo jipya linalofundishwa katika shule moja ya pembezoni mwa mji, kisha atoe maoni. Nilijaribu kuyaandika haya kwa utulivu, kama nilivyozoea kuandika taarifa zangu. Msomaji atanisamehe pale ambapo utulivu umenishinda.

Kwanza sheria zao. Mtoto akiota jino la kwanza hununuliwa simu, na jamaa hukusanyika wakala pilau. Akifika darasa la kwanza huanza somo la Usambazaji. Mwalimu huleta habari, watoto huituma kwa wenzao, na anayeituma kwa watu wengi zaidi kabla ya kengele hupata alama zote. Hakuna anayeulizwa habari yenyewe ilisema nini. Nilikagua madaftari ya somo hilo. Yalikuwa masafi sana.

Juu ya yote iko Ofisi ya Msajili wa Kweli. Habari ikishapita mikononi mwa watu elfu moja, hupelekwa pale ikagongwa muhuri wa kijani, na tangu saa hiyo inakuwa kweli kisheria. Kuitilia shaka ni Kosa la Kushuku. Msajili mwenyewe, Bwana Shomvi, ni mtu mpole mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba. Alinipokea kwa kahawa na tende.

"Kabla ya sheria hii tulikuwa tunagombana kutwa," alinieleza. "Huyu anasema hivi, yule anasema vile. Sasa tumepumzika."

"Na kama hao watu elfu wamekosea?"

"Watu elfu, Mzee?" Akacheka taratibu. "Wote wakosee jambo lilelile?"

"Lakini wote wameipata kwa mtu mmoja."

"Ndiyo maana wamekubaliana," akasema, akanisogezea sahani ya tende.

Shule niliyotumwa kuikagua ilikuwa na madarasa sita na jiko la mabati. Mwalimu wa darasa la tatu aliitwa Sikudhani, mwanamke mwembamba mwenye sauti iliyokwaruzwa na chaki. Yeye ndiye aliyelianzisha somo hilo jipya, ambalo halikuwa na jina kwenye ratiba. Watoto waliliita "Kuuliza." Aliwafundisha kwamba kila wanapoletewa habari, picha au tangazo, waulize: Nani kasema? Amejuaje? Anapata nini mimi nikiamini?

Nilipoingia darasani aliwaambia, "Watoto, huyu ni mgeni wetu, mkaguzi wa shule."

Waliniamkia wote kwa pamoja, "Shikamoo!" Kisha binti mmoja wa dawati la mbele, mwenye pengo la meno mawili, akanyoosha kidole. Jina lake Chiku. Alikuwa na miaka tisa.

"Mwalimu, nani kasema kwamba ni mkaguzi?"

"Kasema mwenyewe," Mwalimu akajibu bila kutabasamu.

Basi nikatoa barua yangu. Chiku aliisoma yote, kidole kikifuata mistari, akairudisha kwa mikono miwili na kusema, "Shikamoo tena, babu. Muhuri wake hauna tarehe." Nikatazama. Kweli haukuwa na tarehe. Nilikuwa nimesafiri na barua ile bila kuona.

Nilikaa pale wiki mbili. Niliwaona wakilichambua tangazo la dawa ya kuongeza akili, wakataka kujua kama aliyelitengeneza ameinywa. Niliwaona wakipiga picha ya kidimbwi kwa karibu mpaka kikaonekana ziwa, ili wajue picha inavyoweza kudanganya bila kuguswa. Hawakuwa watoto wa ajabu. Walipigana, walikojoa nyuma ya choo badala ya ndani, waliandika "kwasababu" kama neno moja. Lakini katika miaka yangu yote ya ukaguzi sikuwahi kuona darasa ambalo watoto wanabishana na ukurasa wa kitabu huku mwalimu wao amefurahi.

Saa nne kila asubuhi walikunywa uji. Mpishi alikuwa Bi Havijawa, mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye kutumia mkono wa kushoto, mkali kwa mtu yeyote anayeingia jikoni na viatu. Alipika uji wa ulezi ndani ya pipa lililokatwa nusu, na alikuwa amewapikia hata wazazi wa watoto hao. Mimi mwenyewe nilikuwa nakunywa kikombe kila siku. Ulikuwa uji mzuri.

Siku ya kumi na tatu, tukiwa darasani kabla ya mapumziko, simu zote zililia kwa pamoja. Ilikuja picha ya mwanamke akimimina unga mweupe kutoka kwenye chupa ndani ya sufuria kubwa, na chini yake maneno: MPISHI WA SHULE ANASWA AKIWATILIA WATOTO SUMU KWENYE UJI. SAMBAZA UOKOE MAISHA.

Mwalimu Sikudhani akasema, "Haya. Tutazame."

"Hii ni sufuria," akasema mmoja. "Bibi hana sufuria, ana pipa."

"Ukuta wa nyuma ni wa matofali. Jiko letu la mabati."

"Huyu anamimina kwa mkono wa kulia," akasema Chiku. "Bibi kila kitu anafanya kwa kushoto. Hata akitupiga anapiga kwa kushoto."

Walimaliza kabla chai yangu haijapoa. Watoto arobaini wa darasa la tatu, katika nchi nzima, ndio pekee waliotazama. Mwalimu akaandika majibu yao ubaoni, akayapiga picha, akayatuma kwa wazazi wote wa shule. Baadaye nilijua kwamba walioyafungua ni watu wanne.

Umati ulifika kabla ya kengele ya mapumziko. Niliusikia kwanza kama mvua kwenye mabati, zile ndala nyingi zikikimbia. Walikuwa baba na mama za watoto, muuza maandazi wangu akiwemo, na karibu kila mmoja alinyanyua simu juu akirekodi. Mwalimu Sikudhani alitoka mbio akasimama mlangoni mwa jiko, mikono ameitanua.

"Ndugu zangu, itazameni ile picha! Si yeye! Itazameni tu!"

"Imeshapigwa muhuri!" mtu akapiga kelele. Na ilikuwa imepigwa. Muhuri wa kijani ulikuwa umefika kwenye simu zao wakiwa njiani.

Watoto walitoka darasani nyuma yake, wakawa wanapiga kelele, "Sufuria! Sufuria! Bibi ana pipa!" Baba mmoja alimshika binti yake mkono akamzaba kofi, akamwambia, "Tumekuja kukuokoa, nyamaza!"

Walimsukuma mwalimu akaanguka. Wakaingia. Walitaka kuimwaga sumu. Bi Havijawa hakuelewa wanachotaka. Aliona watu wanalisukuma pipa lake lililokuwa linachemka, na watoto wako mlangoni, akalidaka kwa mikono yote miwili ili lisianguke upande wa watoto. Likamwangukia yeye.

Sitaeleza sauti yake. Nitaeleza jambo moja ambalo nimeapa kutolificha: mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa darasa, nimeshika kitasa, na nilibaki nimekishika hadi kila kitu kilipokwisha. Waliokuwa wakirekodi nao waliendelea kurekodi. Waliompeleka hospitali ni Mwalimu Sikudhani na mwenye mkokoteni wa kuni.

Baada ya siku tatu Baraza la mji lilikaa. Nilidhani linakaa kuwatafuta waliomuunguza mama yule. Lilikaa kumshitaki mwalimu. Ilisomwa hati kwamba ameharibu kasi ya usambazaji kwa watoto arobaini, na kwamba ametenda Kosa la Kushuku mbele ya watoto, jambo linaloongeza uzito wa kosa.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Ngwali, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. "Sisi hatupingi elimu," akasema. "Lakini jamani, miaka tisa? Mtoto wa miaka tisa ataweza kupima kweli na uongo? Tutawachosha akili. Wangoje wakue."

Ukumbi ukapiga makofi. Mwalimu Sikudhani akainuka, bega aliloumia alipoangushwa likiwa bado limefungwa kitambaa.

"Mheshimiwa, ni wadogo mno kuuliza?"

"Wadogo mno, Mwalimu."

"Simu mnawapa wangali wananyonya. Matangazo yenu mnawaonyesha. Mnawapa alama kwa kusambaza picha za maiti. Kwa hayo yote wamekomaa. Wakitaka kuuliza nani kasema, ndipo mnakumbuka kwamba ni watoto?"

"Punguza sauti," akaambiwa.

"Na picha hii," akaendelea bila kuipunguza, "nimeifuatilia. Aliyeituma wa kwanza ni wakala wa biskuti za shule. Biskuti hizo ni za nani, Mheshimiwa?"

Mheshimiwa Ngwali akasema kwa upole kwamba swali hilo halihusiani na ajenda. Na mimi nilikuwa nimeshayaona maboksi ya biskuti yakishushwa shuleni asubuhi ile, yakiwa na picha yake anacheka.

Kisha wakaniita mimi, mtaalamu kutoka nje. Nilikuwa na hasira, na aibu ya kile kitasa bado ilikuwa mkononi mwangu. Nikasema, "Watoto hawa wamefanya kazi ambayo ninyi nyote mmeshindwa. Mtu anayesema kwamba uji ule una sumu, na aje aunywe mbele yetu, tuone. Mimi nimeunywa siku kumi na mbili." Nilisema na mengine, na nilidhani nimesema vizuri. Karani aliandika. Simu zilirekodi.

Kabla jua halijazama nilijiona kwenye simu ya mhudumu wa nyumba ya wageni. Sura yangu, sauti yangu mwenyewe, maneno manne: "Uji ule una sumu." Chini yake: MTAALAMU WA NJE ATHIBITISHA. Muhuri wa kijani ulikuwa umeshagongwa.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa Msajili. Bwana Shomvi aliniagizia kahawa.

"Nimekuja kusahihisha," nikasema. "Maneno yale yamekatwa. Mimi sikusema hivyo."

"Sauti si yako?"

"Ni yangu."

"Na sura?"

"Bwana Shomvi, unajua vizuri ninachosema."

"Mzee wangu," akasema, na nadhani alinihurumia kwa dhati, "jambo likishapigwa muhuri, kulibisha ni Kosa la Kushuku. Wewe ukibisha utakuwa unamshuku shahidi, na shahidi ni wewe. Nitakuweka ndani kwa kumkashifu nani? Utanichanganya." Akavua miwani, akaifuta. "Kunywa kahawa, nenda zako salama."

"Mama yule ameungua mikono yote miwili!"

"Nimesikia," akasema Bwana Shomvi.

Nilisimama nikaupiga ubao wa meza yake kwa ngumi, mtu wa miaka sitini na sita, hadi kikombe kikapinduka. Hiyo ndiyo kazi pekee ya maana niliyoifanya katika ofisi ile. Makarani waliinua simu zao.

Nilimkuta Mwalimu Sikudhani akitoka kwenye jengo lilelile. Baraza lilikuwa limemwondoa shuleni na kumpa kazi nyingine: kugonga mihuri kwa Msajili. Alikuwa amekwenda kuikataa. Nikaanza kumwomba radhi. Nikamwambia walivyonifanyia, walivyoikata sauti yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema.

"Mzee, kwa heshima zote. Wale waliolimwaga pipa, nawajua. Wengi walisoma shule ileile, kwenye madawati yaleyale. Hakuna aliyewafundisha kutazama. Mimi hasira yangu kubwa si juu yao, ni juu yenu wakaguzi. Miaka arobaini mnapita madarasani. Mnapima pambizo za daftari. Mnahesabu chaki. Mnauliza kama mtoto amekariri mito yote ya nchi. Kuna siku moja uliuliza kama mtoto anaweza kujua anapodanganywa?"

Nilijaribu kukumbuka fomu yangu ya ukaguzi, ambayo niliitunga mimi mwenyewe na inatumika kwetu hadi leo. Ina kipengele cha urefu wa kucha. Ina kipengele cha bendera. Hicho alichokisema hakimo.

"Basi," akasema. "Watoto wanakuja nyumbani kwangu Jumamosi. Wako tisa, wazazi wao wamekubali. Walikuwa arobaini." Akajitanda khanga yake kwa mkono ule mzima. "Naenda hospitali. Unakuja?"

Tulimkuta Chiku ameshafika na mama yake. Bi Havijawa alikuwa amelala karibu na dirisha, mikono yake imefungwa bandeji nyeupe hadi viwikoni, kama mtu aliyevaa glavu za kubebea moto. Uso wake ulikuwa mzima, lakini macho yalikuwa yamekwenda mbali. Muuguzi alituambia kwamba siku nne hajala. Kila anayepita wodini alimwonyesha ile video yangu.

Alinitambua. "Wewe ndiye uliyesema," akaniambia. Hakuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililonivunja. "Umesoma wewe. Labda uliona kitu. Mimi nimekaa hapa nakumbuka, nakumbuka. Asubuhi ile nilitia maji, nikatia unga... Labda kweli nilitia kitu. Umri huu mtu anasahau."

"Hapana, mama," nikasema. "Hapana. Hukutia. Walinikata maneno, mimi sikusema..." Nikajisikia ninavyosema, sauti ileile aliyoisikia kwenye simu, na nikaona kwamba kwake hakuna tofauti kati ya huyu na yule. Nimekasirika mara nyingi maishani, lakini sijawahi kukasirika hivyo, mpaka meno yakauma: wamemchoma mikono, na haikuwatosha, wameingia kichwani mwake na kumfanya awe shahidi dhidi yake mwenyewe.

Chiku hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anafungua chupa ya chai aliyokuja nayo. Akamimina uji kwenye kikombe, akapanda kitandani, magoti yake pembeni ya mgonjwa, akapeleka kijiko mdomoni kwake.

Bi Havijawa akageuza uso. "Umetia nini humu?" akauliza, na sauti yake ilikuwa na hofu. Mwanamke aliyepika uji miaka thelathini alikuwa anamwogopa mtoto mwenye kijiko.

Chiku hakusema "Kunywa tu, bibi." Alikiweka kijiko chini, akamjibu kama swali linavyostahili kujibiwa.

"Maji ya bombani, tumeyachemsha. Unga wa ulezi, mama alinunua sokoni, nilikuwepo. Sukari vijiko viwili. Chumvi kidogo, kama wewe. Nimekoroga mimi mwenyewe, mama alishika sufuria tu. Hakuna kingine." Akanywa kijiko cha kwanza yeye, akameza, akafungua mdomo wenye pengo kumwonyesha. Kisha akangoja.

Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Akafungua mdomo. Chiku akamlisha kijiko kimoja. Mwalimu Sikudhani alikuwa ameshika chuma cha kitanda. Bi Havijawa aliushikilia uji ule mdomoni, akauzungusha polepole kwa ulimi, na kwa mara ya kwanza macho yake yakarudi pale chumbani, yakamkazia mtoto.

"Una mabonge," akasema. "Unga hutiwa kwenye maji baridi kwanza. Nani kakufundisha kupika hivi?"